Maradhi yaliyopita ya uzazi wa kiume katika hati za hospitali: historia ya ukimya mmoja nchini Kongo

0. Utangulizi

Kuna methali ya Kiswahili isemayo: «Mficha uchi hazai». Wengi wetu tumeizoea kama onyo kwa mtu anayeficha shida yake mbele ya wale wawezao kumsaidia. Lakini methali hii yaweza pia kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa, maana ya mwili na uzazi, na hapo ndipo inapotuletea swali la kihistoria. Ni nani aliyetakiwa kufunua uchi wake mbele ya mganga, na ni nani aliyeruhusiwa kuuficha? Na kile kilichofunuliwa, kiliandikwa wapi, na nani, kwa faida ya nani?

Swali hili si la udadisi mtupu. Katika miji na vijiji vya Kongo, ndoa isiyo na mtoto baada ya miaka miwili au mitatu huwa ni kesi. Mawifi hunong'ona, mama mkwe huuliza, wazee huitwa. Na mara nyingi sana anayepelekwa hospitali kwanza, na pengine peke yake, ni mke. Faili lake hunenepa: vipimo, sindano, picha, upasuaji. Mume hana faili. Kama alipata kisonono akiwa kijana, kama alivimba korodani alipougua matubwitubwi, kama alipasuliwa ngiri akiwa mtoto, habari hizo hukaa kichwani mwake au husahauliwa. Mke huachwa, na karatasi zote zilizopo zinaonekana kumshuhudia vibaya yeye, kwa sababu hakuna karatasi nyingine.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hali hiyo haikutokana na aibu ya wanaume peke yake. Ina historia. Tutatazama jinsi hati za matibabu zilivyomwandika mwanaume tangu enzi ya ukoloni wa Kibelgiji, jinsi vipimo vya maabara vilivyobadilisha maana ya kile kilichoandikwa, jinsi orodha ya kimataifa ya magonjwa ilivyompa nafasi, na mwishowe jinsi lugha yetu ya Kiswahili inavyosaidia au inavyozuia maradhi hayo yasitajwe. Hatuandiki kama waganga. Tunaandika kama wanafunzi wa historia na wa lugha. Hata hivyo tunaamini kwamba mganga naye atapata humu jambo la kumfaa.

1. Faili la mfanyakazi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi wa migodi walikuja kwa mikataba mifupi, wengi wao kutoka mbali, na vifo kambini vilikuwa vingi. Kutokana na hali hiyo uchunguzi wa kiafya ukawa sehemu ya kuajiri. Mtu alipimwa uzito na kifua, akatazamwa macho, ngozi na viungo, akachanjwa, ndipo akapewa namba. Karatasi iliyoandikwa siku hiyo ndiyo iliyokuwa, kwa wanaume wengi wa Katanga, hati ya kwanza ya matibabu katika maisha yao.

Yafaa tujiulize karatasi hiyo ilitaka kujua nini. Ilitaka kujua kama mikono na mapafu ya mtu huyu yangestahimili kazi. Ngiri iliandikwa kwa kuwa mwenye ngiri hawezi kubeba mizigo. Busha kubwa liliandikwa kwa sababu hiyo hiyo. Magonjwa ya zinaa yaliandikwa kwa kuwa yalipoteza siku za kazi na kwa kuwa yaliweza kuenea kambini. Lakini swali la kama ugonjwa huo uliacha kovu ambalo lingemzuia mtu huyu kuwa baba halikuwa swali la karatasi ile. Mgonjwa alipopona vya kutosha kurudi mgodini, ukurasa ulifungwa.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha siasa yake. Badala ya mikataba mifupi, ilitaka mfanyakazi akae na mkewe na watoto wake kambini. Uzazi ukawa jambo la kampuni: zahanati za wajawazito, kupima uzito wa watoto wachanga, kugawa maziwa, kuhesabu waliozaliwa na waliokufa. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo, aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1946, akitazama miaka 20 iliyopita. Anayekisoma leo ataona kwamba uzazi umeelezwa kama shughuli ya mama na mtoto. Baba yumo, lakini yumo kama mpokeaji wa posho na mshahara. Faili lake la kazi lilikaa upande mmoja wa ofisi. Karatasi ya mkewe ya uzazi ilikaa upande mwingine. Ndoa ilikuwa moja, hati zilikuwa mbili, na hazikuonana.

Kuna jambo lingine tusilolisahau. Yule aliyeandika faili alikuwa mtumishi wa yule aliyeajiri. Mwanaume aliyekiri ugonjwa wa siri mbele ya mganga wa kampuni alikuwa anakiri mbele ya nyumba ile ile iliyoweza kumrudisha kwao. Tusishangae basi kama alinyamaza. Ukimya wake haukuwa ujinga, ulikuwa hesabu.

2. Hofu ya vijiji visivyo na watoto

Wakati migodi ilipokuwa ikihesabu watoto wa kambini, watawala, mapadri na madaktari walikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya sehemu nyingine za nchi, hasa kwa Wamongo wa Tshuapa na kwa Wazande wa Uele, ambako wanawake wengi walifikia utu uzima bila kuzaa. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa mengi: tabia, ndoa za wake wengi, madawa ya mitishamba ya kuzuia mimba, kukata tamaa kwa watu waliotaabishwa na mpira na kazi za lazima. Katika maelezo hayo lawama iliangukia mara kwa mara maisha ya wanawake.

Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu uliofanyika katika Kongo yote kati ya mwaka 1955 na 1957 ndio ulioweka jambo hili katika tarakimu. Mtaalamu Anatole Romaniuk alizichambua tarakimu hizo na kuzitolea maandishi katika miaka ya 1960. Alionyesha kwamba tofauti kati ya jimbo na jimbo zilikuwa kubwa mno: Kivu na Kongo ya Chini zilikuwa na uzazi wa juu, Tshuapa na Uele uzazi wa chini sana. Alionyesha pia kwamba tofauti hiyo haikuelezeka kwa hiari ya watu kutozaa. Sababu kuu ilikuwa ugumba uliosababishwa na magonjwa ya zinaa, kisonono hasa. Anne Retel-Laurentin, aliyewachunguza Wanzakara, majirani wa Wazande upande wa Afrika ya Kati, aliunganisha naye maradhi hayo na ukosefu wa watoto katika kitabu chake cha mwaka 1974.

Hapa ndipo tunapokuta kitendawili. Kisonono ni ugonjwa wa watu wawili. Kwa mwanamke huziba mirija ya uzazi. Kwa mwanaume huweza kupanda hadi kwenye mrija uliokunjana nyuma ya korodani, ambamo mbegu hukomaa. Mrija huo ukivimba na kupona kwa kovu pande zote mbili, njia ya mbegu hufungika. Mwanaume wa namna hiyo hana dalili yoyote. Ana nguvu zake zote, anatoa manii kama kawaida, lakini ndani ya manii hamna mbegu. Hakuna awezaye kulijua hilo kwa macho, wala yeye mwenyewe. Ni darubini tu iwezayo kulisema. Lakini swali kuu la uzazi katika uchunguzi wa 1955-1957 aliulizwa mwanamke: umezaa watoto wangapi?

Tuwe waadilifu. Wataalamu wa idadi ya watu walikuwa na sababu nzuri ya kumuuliza mama. Mama anajua kwa hakika alichokizaa, ilhali baba mwenye wake wengi au aliyesafiri kwenda migodini anaweza kukosea. Njia hiyo ilikuwa sahihi kwa kazi ya kuhesabu watu. Ila njia ya kuhesabu ikageuka kuwa njia ya kufikiri. Kwa kuwa tarakimu ziliwataja «wanawake wasio na mtoto», wasomaji wakaelewa kwamba ugumba unakaa kwa wanawake. Waume wa wanawake wale hawakuwa na safu yao katika jedwali.

Baada ya vita vya pili vya dunia penisilini ilifika, na mtoto akaanza kurudi katika sehemu nyingi zilizokuwa kimya. Dawa ile ilitibu wake na waume bila kuuliza nani aliyeanza. Lakini kwa kuwa ilifanya kazi haraka, iliondoa pia haja ya kuuliza. Kijana alipigwa sindano, akapona, akaondoka. Na miaka 10 baadaye, alipooa, hakuna aliyejua kwamba alikuwa amechelewa kutibiwa.

3. Alama mbili kwenye karatasi: B.W.

Hata pale hati ilipomtaja mwanaume na ugonjwa wake uliopita, haina budi isomwe kwa uangalifu. Mfano mzuri ni kipimo cha damu kilichojulikana katika hospitali za Kibelgiji kwa herufi B.W., yaani Bordet na Wassermann. Jules Bordet, Mbelgiji aliyepata tuzo ya Nobel ya mwaka 1919, ndiye aliyegundua msingi wa kipimo hicho. August von Wassermann na wenzake wa Ujerumani walikitumia kwa kaswende mwaka 1906. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Albert Neisser, yule yule aliyegundua mwaka 1879 kijidudu cha kisonono.

Kipimo hicho kilipofika Afrika kilikutana na tatizo ambalo Berlin haikulijua. Buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa uliowapata watoto wa vijijini kwa kugusana tu bila tendo la ndoa, unaletwa na kijidudu ambacho ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende. Damu ya aliyeugua buba utotoni na damu ya mwenye kaswende hujibu kipimo kwa namna moja. Kwa hiyo mwanaume wa Kongo aliyezaliwa kabla ya kampeni za penisilini dhidi ya buba, zilizoenea katika miaka ya 1950, aliweza kubeba maisha yake yote alama ya «B.W. chanya» kwa ajili ya kidonda alichokipata mguuni akiwa na miaka 6.

Yafikiriwe matokeo. Mganga mgeni anafungua faili, anaona alama ile, anaandika kwa Kifaransa kwamba mgonjwa alikuwa na kaswende. Mganga wa pili ananakili maneno ya wa kwanza. Wa tatu anaandika tabia ya mgonjwa. Hakuna aliyesema uongo, na bado mtu mzima amepewa historia ambayo si yake. Fundisho la kwanza kwa mwanahistoria wa hati za hospitali ni hili: atenganishe kile kilichopimwa na kile kilichohukumiwa. Kipimo kina tarehe na jina. Hukumu ina mwandishi.

4. Hesabu iliyobadilika

Fundisho la pili linatoka katika kipimo cha manii. Mbegu za kiume zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1677, pale Antoni van Leeuwenhoek wa mji wa Delft alipotazama kwa darubini yake. Lakini kuzihesabu kwa ajili ya kuamua kama mtu anaweza kuzaa ni jambo la karne ya 20. Mwaka 1929 Macomber na Sanders wa Boston walipendekeza kwamba mwanaume mwenye uwezo mzuri ana mbegu milioni 60 au zaidi katika mililita moja. Mwaka 1951 MacLeod na Gold, waliolinganisha wanaume 1,000 wenye watoto na wengine 1,000 wa ndoa zisizozaa, walishusha mpaka hadi milioni 20. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa maabara mwaka 1980 lilitumia milioni 20, na hesabu hiyo ilidumu hadi toleo la mwaka 1999. Toleo la mwaka 2010 liliweka milioni 15, na lile la mwaka 2021 milioni 16.

Mwanaume aliyepimwa mwaka 1988 akakutwa na milioni 17 aliandikiwa kwamba mbegu zake ni chache. Mwanaume yule yule, kwa hesabu ile ile, angepimwa mwaka 2012 asingeandikiwa neno hilo. Mwili wake haukubadilika. Kilichobadilika ni mpaka. Aidha mpaka wenyewe si ukuta. Ule wa mwaka 2010 ulipatikana kwa kutazama wanaume ambao wake zao walishika mimba katika muda wa miezi 12, kisha kuchukua hesabu ambayo ni 5 tu kati ya kila 100 wao waliokuwa chini yake. Maana yake ni kwamba hata chini ya mpaka kuna akina baba.

Kwa sababu hiyo faili linalosema «mbegu dhaifu» bila tarehe, bila hesabu na bila kutaja ni mwongozo gani uliotumika, halisemi karibu chochote. Neno hilo likifika masikioni mwa ukoo, linasema mengi mno.

5. Mahali pa mwanaume katika orodha ya kimataifa

Orodha ya kimataifa ya magonjwa ilianza kama orodha ya vifo. Jacques Bertillon wa Paris aliipeleka mbele ya wataalamu wa takwimu mjini Chicago mwaka 1893. Orodha ya vifo haina haja na ugumba, kwa kuwa hakuna anayezikwa kwa kukosa mtoto. Ni baada ya Shirika la Afya Duniani kuichukua, kwa marekebisho ya 6 ya mwaka 1948, ndipo orodha ilipopanuliwa ipokee pia magonjwa yasiyoua. Baadaye ilipata nafasi kwa mambo ambayo si ugonjwa wa sasa bali ni kumbukumbu ya ugonjwa. Katika marekebisho ya 10, yaliyokubaliwa mwaka 1990, mganga anaweza kuandika Z87.4, maana yake: mtu huyu aliwahi kuugua maradhi ya mkojo au ya viungo vya uzazi. Marekani, katika orodha yake yenyewe iliyoanza kutumika hospitalini mwaka 2015, iliongeza tarakimu na kuwatengea wanaume mahali pao: maradhi yaliyopita ya viungo vya uzazi vya kiume.

Hilo ni jema. Mtu aliyepona si mgonjwa, na bado historia yake ni yake. Hapo orodha imetambua mambo yote mawili. Lakini katika marekebisho yale yale ya 10 kuna kifungu kingine kinachofaa kusomwa polepole. Ugumba wa mwanaume umewekwa katika N46, peke yake. Ugumba wa mwanamke umewekwa katika N97, wenye vijisehemu vingi. Na kijisehemu N97.4 ni ugumba wa mwanamke unaohusiana na sababu zilizo kwa mwanaume. Yaani mke ambaye hana kasoro yoyote, na ambaye hazai kwa kuwa mbegu za mumewe zimeziba njia, anaandikwa yeye ugumba katika faili lake. Tulichokiona kambini Katanga na katika majedwali ya mwaka 1957 tunakikuta tena, safari hii kwa tarakimu na herufi zilizokubaliwa na mataifa.

Hata hivyo tusidhani kwamba wataalamu wote walilala. Kati ya mwaka 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani lilisimamia uchunguzi wa ndoa zaidi ya 8,000 katika nchi 25, kwa kanuni moja: mke na mume wachunguzwe wote wawili, kwa maswali yaliyopangwa. Mwaka 1993 ulitoka mwongozo wa kuwachunguza wanandoa wasiozaa, na mwaka 2000 mwongozo wa mwanaume peke yake. Humo mume anaulizwa kwa utaratibu: je, korodani zote zilishuka tangu utotoni? Ziliwahi kujipinda au kuumia? Aliwahi kupasuliwa ngiri au busha? Aliugua matubwitubwi baada ya kubalehe, na korodani zikavimba? Aliwahi kutokwa usaha au kupata kidonda, na alitibiwa wapi? Marekebisho ya 11 ya orodha ya kimataifa, yaliyoanza kutumika mwaka 2022, nayo yanatambua ugumba wa kiume kwa namba yake, GB04.

6. Lugha ya kuulizia

Maswali hayo tuliyoyataja yameandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Lakini katika Kongo ya mashariki na kusini yanaulizwa kwa Kiswahili. Tangu kampuni ya migodi ilipokichagua Kiswahili kuwa lugha ya kazi, jambo ambalo Johannes Fabian amelichunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1986, lugha hii imesimama kati ya mganga na mgonjwa. Kwa miaka mingi daktari aliuliza kwa Kifaransa, muuguzi akageuza kwa Kiswahili, mgonjwa akajibu kwa mafumbo, muuguzi akarudisha kwa Kifaransa kilichonyooka. Faili liliandika kile kilichonyooka. Mafumbo yakapotea, na pamoja nayo pengine ukweli.

Tutazame mifano michache. Kwanza, «nguvu za kiume». Msemo huu hutumika kwa uwezo wa tendo la ndoa, lakini wengi huuchanganya na uwezo wa kuzaa. Mwanaume akiulizwa kama ana tatizo la uzazi, hujibu kwamba nguvu anazo. Kwake swali limekwisha. Lakini tumeona kwamba mwenye mirija iliyoziba ana nguvu na hana mbegu. Muulizaji asiyetenganisha nguvu na mbegu amekwisha kupotea kabla hajaandika neno.

Pili, «mshipa». Katika Kiswahili cha pwani neno hili ni stara nzuri linaloweza kumaanisha ngiri, na linaweza kumaanisha busha. Ngiri ni utumbo ulioshuka. Busha ni maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani, na katika nchi nyingi za joto husababishwa pia na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Kwa mgonjwa yote mawili ni uvimbe wa sehemu ile ile. Kwa historia ya uzazi wake ni mambo mawili, na upasuaji wake ni wa namna mbili. Kuandika «alipasuliwa mshipa» ni kumwachia mganga ajaye kitendawili.

Tatu, majina ya kisonono. Kamusi zina kisonono. Mijini mwa Kongo wengi husema sopisi, neno lililotokana na Kifaransa cha mitaani. Wengine husema tu «ugonjwa wa wanaume» au «ugonjwa wa mji». Anayeuliza kwa neno la kamusi peke yake huenda akajibiwa «hapana» na mtu aliyetibiwa sopisi mara tatu, wala mtu huyo hajadanganya.

Nne, majina ya yule asiyezaa. Neno «mgumba» kwa sarufi yake halina jinsia: ni mtu. Lakini sikiliza mazungumzo ya kila siku, utaona linamwendea mwanamke, na «tasa» vivyo hivyo. Kwa mwanaume lugha hukimbilia «hanithi», ambalo ni tusi na tena linataja jambo jingine kabisa. Maana yake mwanaume asiye na mbegu hana jina la heshima katika mazungumzo yetu. Na asiye na jina ni vigumu kuandikwa.

7. Kuandika vema

Tukikusanya mafundisho haya tunaona kwamba kuandika maradhi yaliyopita ya mwanaume kunadai mambo kadhaa, na yote yanatokana na historia tuliyoipitia.

Ugonjwa uandikwe pamoja na umri wa mgonjwa alipougua. Matubwitubwi ya mtoto wa miaka 5 hayana uzito kwa uzazi. Ya kijana wa miaka 18 yaliyovimbisha korodani yana uzito, ingawa hata hapo wengi huvimba upande mmoja tu na huja kuzaa. Upande nao uandikwe, wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa mtu mwenye korodani moja nzima ni baba kama mwingine. Matibabu yaandikwe: nini, lini, na kama yalikamilika. Kipimo kiandikwe kwa hesabu na tarehe, kisha hukumu ifuate kwa sentensi yake yenyewe. Kilichosemwa na mgonjwa kiandikwe kwa maneno yake, kwa Kiswahili chake, kabla ya kufasiriwa. Kilichokwisha kiandikwe kuwa kimekwisha, ili mtu aliyepona asiitwe mgonjwa hadi kaburini. Kumbukumbu hizi hazina faida kwa uzazi pekee: korodani iliyochelewa kushuka huongeza hatari ya saratani baadaye, na vidonda vya zinaa, kama ulivyoonyesha uchunguzi wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1989, viliwarahisishia wanaume kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Linabaki jambo la siri. Tumeona kwamba mfanyakazi wa migodi alinyamaza kwa kuwa faili halikuwa lake. Kama tunataka wanaume waseme leo, hatuna budi kuwahakikishia kwamba kilichoandikwa hakitasomwa na mwajiri, wala na shemeji anayefanya kazi katika ofisi ya hospitali, wala na wazee wa ukoo. Siri, hata hivyo, isigeuke kuwa ngao ya kumwacha mke ateseke. Sheria ya utu inadai kwamba wawili walioitwa na swali moja wajibu wote wawili, kila mmoja kwa faili lake, na mafaili hayo yaweze kuonana kwa ridhaa yao.

8. Hitimisho

Tumetembea kutoka faili la mfanyakazi wa Katanga hadi orodha za mataifa za siku hizi. Katika safari hiyo mwanaume hakukosekana katika hati, aliandikwa sana. Aliandikwa kama mkono wa kazi, kama mwenye B.W. chanya, kama mpokea posho. Kilichokosekana ni kumwandika kama nusu ya uzazi. Nafasi ile iliyoachwa wazi katika karatasi zake ilijazwa katika karatasi za mkewe.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na sehemu yake yatuhusu sisi wa Kiswahili. Waganga wana maswali; hawana maneno yenye stara na usahihi kwa pamoja. Wanafunzi wetu wakikaa na wauguzi wazee, wakakusanya majina ambayo watu wa Lubumbashi, Bukavu, Kisangani na Kalemie hutumia kwa maradhi haya, wakayapanga kwa maana zake, watakuwa wametoa msaada ambao hakuna maabara iwezayo kuutoa. Siku mume atakapoulizwa kwa neno analolielewa, akajibu bila kudhalilika, na jibu lake likaandikwa kwa haki, methali yetu itakuwa imewahusu wote wawili waliokaa mbele ya mganga.